Madhara ya chanjo kwa mbwa

Madhara ya chanjo kwa mbwa ni mabadiliko yasiyotakiwa yanayotokea katika mwili wa mbwa kwa sababu ya chanjo aliyopewa, kwa sababu ya namna chanjo hiyo ilivyotolewa, au kwa sababu mwili wa mbwa huyo umeipokea kwa namna isiyo ya kawaida. Mengi ni madogo na hupita yenyewe: mbwa hulala kuliko kawaida, hupunguza kula, au huvimba kidogo pale alipodungwa sindano. Machache ni makubwa. Moja kati ya hayo, yaani mzio mkali wa ghafla unaoitwa anafilaksisi, linaweza kumwua mbwa katika muda mfupi asipotibiwa.

Jambo hili lina uzito kwa pande mbili. Mwenye mbwa ana haki ya kujua nini kinaweza kumpata mnyama wake, na afanye nini kikimpata. Upande wa pili, hofu ya madhara hayo huwafanya watu wengine waache kabisa kuchanja, na mbwa wasiochanjwa ndio wanaoendeleza kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hukadiriwa kuua watu 59,000 hivi duniani kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa.

Chanjo zinazohusika

Chanjo za mbwa huwekwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile ambazo kila mbwa anapaswa kuzipata: distempa, parvo, homa ya ini ya mbwa inayoletwa na adenovirusi, na kichaa cha mbwa katika nchi zenye ugonjwa huo. Kundi la pili hutolewa kulingana na mahali na maisha ya mbwa, kwa mfano chanjo ya kikohozi kinachoambukizwa mabandani, ambacho mara nyingi huhusika na bakteria aitwaye Bordetella. Chanjo ya leptospira iko katikati: ni ya hiari mahali pengine, lakini mahali ambapo ugonjwa umeenea huhesabiwa kuwa ya lazima. Watanzania wengi walikuja kuufahamu ugonjwa huo kwa jina la homa ya mgunda, baada ya mlipuko wa mwaka 2022 uliowapata watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi.

Chanjo za distempa, parvo na adenovirusi kwa kawaida zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inayodungwa kwa mbwa leo ina virusi vilivyouawa, na ile ya leptospira ina bakteria waliouawa. Tofauti hii inafaa kushikwa vizuri, maana maswali mengi ya wafugaji hujibiwa nayo. Kijidudu kilichouawa hakiwezi kuleta ugonjwa wake.

Madhara yanatoka wapi

Chanjo hufanya kazi kwa kuuonyesha mfumo wa kinga sura ya adui kabla adui mwenyewe hajafika. Mwili unapoiona sura hiyo hutengeneza kingamwili, na kazi hiyo huambatana na joto, uchovu na uvimbe kidogo. Kwa hiyo mbwa aliyepooza siku moja baada ya sindano, maana yake hachangamki wala hataki kucheza, mara nyingi anaonyesha tu kwamba kinga yake imeamka. Wengine wangependa jambo hili lisiitwe madhara hata kidogo, lakini katika takwimu huhesabiwa.

Chupa ya chanjo haina kijidudu peke yake. Virusi hukuzwa maabara ndani ya chembe hai zinazolishwa majimaji ya damu ya ndama, na mabaki ya protini za ng'ombe huweza kubaki katika chanjo. Huongezwa pia vitu vya kuilinda isiharibike, kama jelatini au kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Watafiti wa Japani walipopima damu ya mbwa waliopata mzio baada ya chanjo, waliona kwamba wengi wao walikuwa na kingamwili za mzio dhidi ya protini hizo za nyongeza. Hivyo mbwa anayesemwa kuwa "ana mzio na chanjo ya parvo" huenda hana ugomvi wowote na parvo. Ana ugomvi na protini ya ng'ombe.

Chanjo za vijidudu vilivyouawa huhitaji msaada ili kinga izitilie maanani. Msaada huo ni kichochezi, mara nyingi chumvi ya alumini, kinachoivuta kinga mahali palipodungwa. Ndiyo sababu kinundu baada ya sindano huonekana zaidi kwa chanjo za aina hii.

Jambo la mwisho ni kipimo. Dozi moja ya chanjo, kwa kawaida mililita 1, ni ileile kwa mbwa wa kilo 2 na mbwa wa kilo 60. Chanjo haipimwi kwa uzito kama dawa ya minyoo, kwa sababu kazi yake si kuenea mwilini kwa kiwango fulani bali ni kuigutua kinga, na ipo dozi ya chini ambayo haitoshi kufanya hivyo. Hata hivyo mbwa mdogo hupokea pia protini zote za nyongeza zilizomo ndani ya dozi nzima, na takwimu zinaonyesha kwamba yeye ndiye anayedhurika mara nyingi zaidi. Wapo wanaojaribu kulitatua hilo kwa kumpa nusu ya dozi. Wataalamu hawashauri hivyo: nusu dozi haijathibitishwa kumkinga, na kwa mbwa mwenye mzio hata tone dogo linatosha kuuamsha.

Madhara madogo

Ya kawaida zaidi ni uchovu, homa ndogo, kukosa hamu ya kula na maumivu pale palipodungwa. Huanza ndani ya saa chache na kwisha kwa siku moja au mbili. Mbwa aachwe apumzike, apewe maji, asifungwe mnyororo unaogusa mahali penye maumivu. Asipewe dawa za maumivu za binadamu. Parasetamoli na ibuprofeni huweza kumdhuru mbwa vibaya kuliko chanjo yoyote, na mbwa wengine wameugua kwa kupewa vidonge hivyo na watu wenye huruma.

Kinundu kigumu chini ya ngozi huweza kudumu wiki kadhaa, kisha kikayeyuka. Kikiendelea kukua baada ya mwezi mmoja, kikawa na joto au kikatoa usaha, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mbwa aliyepewa chanjo ya kikohozi kwa njia ya pua huweza kupiga chafya na kukohoa kwa siku chache.

Mzio wa ghafla

Mzio wa chanjo kwa mbwa una sura mbili, na ya kwanza ndiyo inayoonekana zaidi. Uso unavimba. Midomo inakuwa minene, kope zinajaa mpaka macho yanakaribia kufumba, masikio yanakuwa mekundu, na mwilini hutokea mabaka yaliyoinuka, ambayo kwa mbwa mwenye manyoya mafupi huonekana kama ngozi imejaa vinundu. Mbwa hujikuna na kusugua uso chini. Hali hii huanza dakika chache hadi saa kadhaa baada ya sindano. Inatisha kuitazama, lakini mara nyingi hutulia kwa dawa za mzio, yaani antihistamini, na pengine steroidi, zikitolewa na daktari. Hata hivyo mbwa huyo asiachwe nyumbani kungoja kesho, kwa sababu uvimbe wa uso unaweza kuwa mwanzo wa sura ya pili.

Sura ya pili ni anafilaksisi. Hapa seli za mzio humwaga histamini na kemikali nyingine kwa wingi mwili mzima, mishipa ya damu inalegea, na shinikizo la damu linaanguka. Kwa mbwa, viungo vinavyoumia kwanza ni ini na utumbo, tofauti na binadamu ambaye mara nyingi hubanwa kifua. Hii ndiyo sababu dalili za mwanzo huwadanganya watu. Mbwa hutapika ghafla, huharisha, wakati mwingine damu, huanza kuyumba, kisha huanguka. Fizi zake zilizokuwa za waridi huwa nyeupe, miguu hupoa, mapigo ya moyo huwa ya haraka na dhaifu. Mtu asiyejua atadhani amekula kitu kibaya njiani au ameshikwa na joto la jua.

Tiba ya anafilaksisi ni adrenalini, ikifuatwa na maji ya mshipani na oksijeni inapopatikana. Antihistamini na steroidi huja baadaye, nazo haziwezi kuchukua nafasi ya adrenalini. Mbwa wengi wanaopata anafilaksisi huipata ndani ya saa moja, na ya hatari zaidi huja ndani ya dakika chache. Kutokana na hilo madaktari humwomba mwenye mbwa asiondoke mara moja, akae karibu na kliniki kwa dakika 20 hadi 30. Ni ushauri rahisi kuliko yote katika makala haya, na pengine ndio unaopuuzwa zaidi, maana mtu akishalipa huona kazi imekwisha. Inafaa pia chanjo itolewe asubuhi. Mbwa aliyechanjwa saa kumi na moja jioni akivimba uso saa tatu usiku, kliniki imefungwa.

Madhara yanayochelewa

Baadhi ya madhara hutokea siku, wiki au hata miezi baada ya chanjo, na haya ni magumu zaidi kuyathibitisha.

Mbwa wadogo wenye manyoya laini, kama wale wa aina ya poodle, huweza kupata kipara pale walipodungwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mishipa midogo ya damu ya ngozi huvimba, manyoya hunyonyoka mwezi mmoja hadi miezi kadhaa baadaye, na ngozi huwa nyeusi na laini. Kwa kawaida hakimsumbui mbwa sana, humsumbua zaidi mwenye mbwa. Mara chache vidonda hutokea pia kwenye ncha za masikio na mkia.

Katika baadhi ya koo za mbwa wa aina ya Weimaraner, watoto wa mbwa wamepata homa kali na maumivu ya mifupa siku chache baada ya chanjo. Kwa kuwa huonekana katika familia fulani tu, urithi unahusika.

Ugonjwa ambao mwili wa mbwa hushambulia chembe zake nyekundu za damu umehusishwa na chanjo tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 1996, ulioona kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamechanjwa ndani ya mwezi mmoja kabla ya kuugua. Tafiti zilizofuata hazikuafikiana na huo. Madaktari wengi hata hivyo hupunguza chanjo kwa mbwa aliyewahi kuugua ugonjwa huo, kwa tahadhari. Saratani ya mahali pa sindano, inayozungumzwa sana katika habari za paka, ni nadra mno kwa mbwa.

Makosa ya mchanjaji

Si kila dhara hutoka kwenye chupa. Chanjo ya kikohozi inayotiwa puani ina bakteria hai. Ikidungwa chini ya ngozi kwa makosa huleta jipu, na imewahi kuharibu ini la mbwa. Sindano chafu huleta usaha. Chanjo yenye chumvi ya alumini ikigandishwa kwenye friza huharibika, kwa hiyo ile iliyokutwa imeganda hutupwa, haiyeyushwi ikatumika.

Chanjo iliyopata joto kwa kawaida haimdhuru mbwa. Tatizo lake ni kwamba huenda isimkinge. Chanjo za mbwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Tanzania imechangia elimu muhimu hapa: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulijaribu kwa mbwa wa nchini chanjo moja ya kichaa cha mbwa iliyokuwa imehifadhiwa miezi 6 katika nyuzi 25, na nyingine miezi 3 katika nyuzi 30, na mbwa wakatengeneza kingamwili sawa na waliopewa chanjo ya kwenye jokofu. Matokeo hayo ni ya chanjo hiyo tu. Hayampi mtu ruhusa ya kuacha chanjo yoyote juani.

Katika ufuatiliaji wa usalama wa dawa, chanjo kushindwa kukinga huhesabiwa pia kuwa ni tukio baya la kutolewa taarifa. Sababu inayojulikana sana ni kinga ya mama. Mtoto wa mbwa hunyonya kingamwili katika maziwa ya kwanza, nazo huweza kuizima chanjo. Kwa kuwa haijulikani zitaisha wiki gani, huanza kuchanjwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Aliyechanjwa mara moja tu akiwa na wiki 6, kisha akafa kwa parvo miezi miwili baadaye, mara nyingi hakupata kinga yoyote.

Hutokea mara ngapi

Utafiti unaonukuliwa sana ulichapishwa Marekani mwaka 2005. Ulitumia kumbukumbu za mbwa 1,226,159 waliochanjwa mwaka 2002 na 2003 katika hospitali 360 za mtandao mmoja. Katika siku tatu baada ya chanjo, mbwa 4,678 waliandikwa kuwa wamepata tatizo, sawa na 38 kwa kila 10,000, au mbwa mmoja kati ya 260 hivi. Karibu robo tatu ya matukio yalitokea siku ileile ya chanjo. Anafilaksisi ilikuwa sehemu ndogo sana ya hayo.

Manufaa makubwa ya utafiti huo yako katika kuonyesha nani anadhurika zaidi. Hatari ilipanda kadiri uzito wa mbwa ulivyopungua. Ilipanda pia kwa kila chanjo iliyoongezwa katika ziara moja: kwa asilimia 27 kwa mbwa wa kilo 10 au pungufu, na kwa asilimia 12 kwa wenye uzito zaidi ya huo. Mbwa vijana waliokomaa na waliohasiwa walidhurika zaidi. Aina zilizokuwa juu ni pamoja na dachshund, pug, Boston terrier, miniature pinscher na chihuahua. Mwaka 2023 kazi kama hiyo ilirudiwa kwa ziara za chanjo zipatazo milioni 16, na kiwango kikawa 19 kwa kila ziara 10,000. Udogo wa mwili na wingi wa sindano kwa siku moja vilibaki kuwa sababu.

Japani, uchunguzi wa mbwa 57,300 waliopewa chanjo za mchanganyiko zisizo za kichaa cha mbwa uliona matukio 359, yaani karibu 63 kwa kila 10,000. Kati yao 41 walipata anafilaksisi, mbwa mmoja kati ya 1,400 hivi. Kiwango hicho ni cha juu, na wengi wanakieleza kwa kupendwa kwa mbwa wadogo sana nchini humo. Uingereza, hofu juu ya chanjo mpya ya leptospira yenye aina nne za bakteria ilipoenea, mamlaka ya dawa za mifugo ilitoa hesabu ya taarifa ilizopokea: chini ya 7 kwa kila dozi 10,000, wakati chanjo ya zamani yenye aina mbili ilikuwa chini ya 2.

Namba hizi zisilinganishwe ovyo. Moja imehesabu mbwa, nyingine ziara, nyingine dozi. Moja imesoma mafaili ya hospitali, nyingine imengoja watu walete taarifa wenyewe. Mwanafunzi anayezitumia katika insha aandike daima ni kiasi gani kwa kila nini. Zaidi ya hayo, zote ni za mbwa wa nchi tajiri, wengi wao wa aina maalumu. Mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki, mwenye kilo 12 au 15 na anayepewa sindano moja ya kichaa cha mbwa, yuko mbali na picha ya mbwa mwenye hatari kubwa.

"Baada ya" na "kwa sababu ya"

Jambo kutokea baada ya chanjo si ushahidi kwamba limeletwa na chanjo. Kosa hili la kufikiri ni la zamani kuliko chanjo zenyewe, na kwa mbwa lina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni ugonjwa uliokuwa umeshaingia. Parvo huchukua siku 3 hadi 7 hivi kabla ya kuonyesha dalili, pengine hata wiki mbili. Mtoto wa mbwa aliyeambukizwa Jumatatu anaonekana mzima Jumatano anapochanjwa, na Ijumaa anaharisha damu. Jirani atasema sindano imemwua. Kichaa cha mbwa hudanganya zaidi, kwa kuwa huweza kujificha wiki kadhaa au miezi kabla ya dalili. Mbwa aliyekuwa ameumwa na mwenye kichaa, kisha akachanjwa katika kampeni, anaweza kupata kichaa wiki mbili baadaye. Chanjo haikumpa, ina virusi vilivyokufa. Ilimfikia imechelewa.

Mtego wa pili ni wingi. Kampeni inapochanja mbwa elfu moja wa kata moja kwa siku moja, baadhi yao wangekufa wiki hiyo hata kama kampeni isingefika: kwa kugongwa na gari, kwa minyoo, kwa kupe, kwa sumu, kwa uzee. Vifo hivyo sasa vina tarehe ya kuunganishwa nayo.

Kwa upande mwingine, si haki kumjibu kila mfugaji kwamba amebahatisha tu. Zipo dalili zinazoelekeza kwenye chanjo kweli: tatizo limeanza ndani ya saa chache, ni la aina inayojulikana, na limewahi kumtokea mbwa huyohuyo alipochanjwa safari iliyopita. Hilo la mwisho ndilo lenye nguvu kuliko mengine.

Nchini Marekani, uchunguzi wa maoni ya wafugaji wapatao 2,200 uliochapishwa mwaka 2023 uliona kwamba asilimia 37 walidhani chanjo za mbwa si salama, na zaidi ya nusu walikuwa na shaka ya namna moja au nyingine. Wengine waliamini kwamba chanjo zinaweza kumletea mbwa usonji, imani isiyo na ushahidi, iliyohamishwa moja kwa moja kutoka kwenye mabishano ya chanjo za watoto. Kwetu shaka ina sura nyingine. Wapo wafugaji wanaosema kuwa mbwa aliyechanjwa hupoteza ukali wa kulinda au hamu ya kuwinda. Huenda imani hiyo imetokana na siku ile moja au mbili za uchovu zilizotajwa hapo juu.

Chanjo zilizobadilishwa kwa sababu ya madhara

Chanjo za leo si zile za zamani. Kampeni za kwanza za kuchanja mbwa wengi dhidi ya kichaa zilifanyika Japani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa chanjo iliyotengenezwa kutokana na ubongo na uti wa mgongo wa wanyama. Chanjo za tishu hizo zilikuwa na kasoro: mwili wa aliyechanjwa uliweza kuzishambulia neva zake mwenyewe, na kupooza kukafuata. Baadaye zikaja chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa katika mayai ya kuku, na baadhi yake ziliwapa kichaa chenyewe mbwa wachache, hasa wadogo. Ndizo zilizoacha nafasi kwa chanjo za virusi vilivyouawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa "jicho la buluu". Chanjo ya kwanza ya homa ya ini ya mbwa ilitumia adenovirusi aina ya 1, ambayo ndiyo inayoleta ugonjwa. Baadhi ya mbwa walipata ukungu wa rangi ya buluu kwenye jicho wiki moja hadi tatu baada ya sindano. Ikagunduliwa kwamba adenovirusi aina ya 2, ambaye ni ndugu yake, hukinga magonjwa yote mawili bila kuligusa jicho, na watengenezaji wakahamia huko. Badiliko jingine ni la ratiba. Zamani mbwa alirudiwa chanjo zote kila mwaka. Sasa miongozo ya kimataifa hushauri kwamba mbwa mzima aliyekamilisha chanjo za utotoni arudiwe distempa, parvo na adenovirusi kila baada ya miaka 3 au zaidi. Leptospira hubaki ya kila mwaka, na kichaa cha mbwa hufuata sheria za nchi na maelezo ya chanjo yenyewe.

Hali katika Afrika Mashariki

Sehemu kubwa ya mbwa wa Tanzania na Kenya huchanjwa si klinikini bali chini ya mti, shuleni au kwenye josho, siku ya kampeni. Mbwa huletwa kwa kamba na mtoto, hudungwa, hupewa cheti, na mtoto huondoka naye. Hakuna anayengoja dakika 30, na mara nyingi hakuna anayerudi kusema kilichotokea. Hivyo hata madhara machache yaliyopo huandikwa kwa shida. Timu zilizojiandaa vizuri hubeba adrenalini na humwambia mwenye mbwa mambo mawili tu: mbwa akivimba uso au akitapika na kuanguka leo, arudishwe mara moja, akilala sana kesho, aachwe.

Faida ya kampeni hizo inapimika. Katika wilaya ya Serengeti, chanjo zilizotolewa kati ya 1996 na 2001 zilipunguza kichaa cha mbwa kwa asilimia 70 baada ya awamu ya kwanza, na 97 baada ya pili. Kisiwani Pemba ugonjwa ulikwisha mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, na kwa kuchanja tena ukaondolewa kufikia mwisho wa 2018. Kipimo kinachotajwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Hata distempa ina historia yake huku: mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walidhaniwa kuwa chanzo.

Mbwa aliyewahi kudhurika

Aliyevimba uso safari moja si lazima aachwe bila chanjo maisha yake yote. Daktari huweza kumpa antihistamini kabla ya sindano, kuzitenganisha chanjo kwa wiki mbili au zaidi badala ya kuzitoa siku moja, kutumia chanjo ya kiwanda kingine yenye nyongeza tofauti, na kumweka chini ya uangalizi. Kwa distempa, parvo na adenovirusi, kipimo cha damu huweza kuonyesha kama kingamwili bado zipo, na zikiwepo hakuna haja ya kumrudia. Kwa leptospira kipimo hicho hakisaidii, kwa kuwa hakionyeshi kinga kwa uhakika.

Aliyepata anafilaksisi ni suala jingine. Hapa daktari hupima hatari ya ugonjwa dhidi ya hatari ya sindano, na chanjo za hiari huachwa. Kichaa cha mbwa ndicho kigumu, kwa sababu uamuzi huo hauhusu mbwa peke yake bali na watu wa nyumba hiyo.

Kutoa taarifa

Taarifa ya dhara hupelekwa kwa daktari wa mifugo aliyetoa chanjo au kwa ofisi ya mifugo ya wilaya au kaunti. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, husimamia dawa za binadamu na za mifugo pia. Kenya ina kurugenzi maalumu ya dawa za mifugo. Taarifa yenye maana hutaja umri, uzito na aina ya mbwa, jina la kila chanjo aliyopewa siku hiyo, mahali alipodungwa, saa ya sindano, saa dalili zilipoanza, na namba ya toleo la chanjo. Namba hiyo huwa kwenye karatasi ndogo inayobanduliwa kwenye chupa na kubandikwa katika kadi ya mbwa, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kadi isiyo nayo, mwenye mbwa anaweza kuomba ibandikwe kabla hajaondoka.